Bustani Yako, Mama, Ilingoja Jembe

Mpendwa Mama,

Barua zako zote zilikuwa za wazi. Hukujua kusoma, na hata siku moja hukuona haya kwa hilo. Nilipokuwa shuleni kwa mapadri, na baadaye nilipoanza ukarani katika depo ya pamba huku Kalundu, bandari ya Uvira, kila bahasha niliyokutumia uliishika mkononi mpaka apite mtu, ukamwita kutoka barabarani: "Weye mupita-njia, unajua karatasi?" Akiwa na mwenzake, mwenzake naye aliketi. Mama Yozefina, jirani yako, alikuja na ungo wake asikose neno. Kwa hiyo nilipofika likizo nilikuta kijiji kizima cha Runingu kinajua kwamba nimeumwa jino, kwamba nimenunua viatu, kwamba bwana mkubwa wa depo amenifokea mbele ya wachukuzi. Nilikuomba barua zangu azisome katekista peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Ulinitazama kwa mshangao.

"Habari ya mutoto wangu niifungie mulango? Kwani ameiba?"

Basi hii nayo naiacha wazi. Nitampa Mzee Salumu, yule mchuuzi, aipeleke kwa baiskeli yake, naye ataisomea kwenye bustani, na kila apitaye aketi. Nimeiandika kwa penseli kwanza, kisha nitapitisha wino. Unanijua. Hata kwako naogopa kukosea.

Nianze na asubuhi zako, maana ndizo ninazozikumbuka zaidi nikiwa hapa, kengele ya kazi ikilia na mimi nikikimbia huku nafunga vifungo vya shati. Wewe hukukimbia. Uliamka, ukasali sala fupi, ukatoka nje bila viatu. Hukuanza na kazi yoyote. Ulizunguka kwanza kama mtu anayetembelea wagonjwa, ukisimama kidogo kwa kila mmea: mchicha wa lenga-lenga, vitunguu, mihogo kule mwisho karibu na mfereji, intore, zile nyanya chungu zako, ambazo mimi peke yangu nyumbani nilizikataa. Majani yaliyolala uliyainua kwa kidole. Mmea uliochelewa kuota uliuambia, "Haya, taratibu, hakuna anayekupiga." Ukimaliza ulikaa juu ya kinu kilichopasuka, ulichokigeuza kikawa kiti, ukawasha kiko chako, ukanywa kahawa ile chungu, ukitazama milima kana kwamba umeletewa jana.

Nyuma yako marakuja, yale mapasheni, yalipanda juu ya wavu mkuukuu wa kuvulia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mzee Salumu alikuletea wavu huo kutoka huku bandarini, na ulinukia samaki mpaka mvua ya pili. Ulisema harufu hiyo inafundisha marakuja kuwa na adabu. Sijui ulimaanisha nini. Nilicheka tu.

Ulinizaa ukiwa umekwisha kuacha kungoja. Kuna watu walikuita bibi kabla hujaitwa mama. Baba alipotuacha nilikuwa bado najifunza kuandika jina langu ubaoni, na miaka yote iliyofuata ulikwenda kwenye mashamba ya pamba ya lazima pamoja na wengine, kamba ya monitera, msimamizi wa pamba, ikinyoosha mistari, jua likiwa utosini. Kisha magoti yakaanza kukataa. Siku chifu alipotangaza kwamba wewe sasa ni mzee, hutadaiwa pamba tena, na kipande chako nyuma ya nyumba kitaachwa kwa chakula cha mzee, nilihuzunika. Nilikuwa likizo. Nilidhani umetukanwa mbele ya watu. Wewe ulirudi nyumbani ukaivisha ndizi za kupikia pombe kama mtu aliyeposwa.

"Mama, wamekuita mzee," nilikuambia.

"Ndiyo. Umesikia muzuri? Sasa minye ni muzee. Hakuna muntu ananituma tena."

Ukacheza hatua mbili pale uani, polepole, kwa ajili ya magoti.

Tangu hapo ndipo bustani ilipoanza kweli. Kabla ya hapo palikuwa na mboga tu. Sasa kila kitu kilipata mahali pake na jina lake. Kulikuwa na muhogo mmoja uliouita Padri kwa sababu ulisimama peke yake na hukutaka kuung'oa. Mchana uliosha miguu kwenye mfereji ukaiacha ndani ya maji muda mrefu, bila sababu. Jioni kengele ya misheni ililia, ukafanya ishara ya msalaba ukiwa na udongo vidoleni, na alama ya udongo ikabaki kwenye paji la uso mpaka wakati wa kula. Ndagala za kukaanga kwa mawese, ugali wa muhogo, pilipili moja mliyogawana na Mama Yozefina. Nilikutazama ukila na nikafikiri: mbona mama anaridhika na kidogo hivi? Nilikuwa nimesoma. Nilidhani kuridhika ni kitu cha watu wasiojua kinachowapita.

Na Mzee Salumu! Kila alipopita na baiskeli yake kutoka Uvira, chumvi na vitambaa vimefungwa nyuma, ulimwita kabla hajafika.

"Salumu, leo umeleta chumvi ao umeleta maneno?"

"Nimeleta posa. Kila mwezi unaikataa."

"Na bibi zako wawili banasemaje?"

"Banasema nikuoe upesi, tupate vitunguu ya bure."

"Kumbe unaoa vitunguu. Na minye nitalala wapi?"

"Katikati ya vitunguu, mama. Pahali pazuri."

Ulicheka mpaka ukakohoa, naye akacheka akishika nguzo ya wavu, na Mama Yozefina kutoka upande wa pili wa ua akawaita wazee wasio na haya. Na Mama Yozefina mlisemezana Kirundi kwa mambo ya kanisani na ya magonjwa. Kwa utani mlihamia Kiswahili ili Salumu asipitwe na kitu.

Nilikuwa mtoto mwoga, Mama. Wewe na Mama Yozefina mlijua, hamkunificha kwamba mnajua, lakini hamkunicheka sana. Niliogopa padri mwenye ndevu, niliogopa viboko vya mto, niliogopa ng'ombe, na zaidi ya yote niliogopa ngurumo. Pale bondeni, mvua ikitoka milimani, ngurumo huanza mbali na kuja ikizungukazunguka juu ya vichwa kama mtu anayetafuta nyumba. Niliingia chini ya kitanda. Wewe hukunivuta. Uliweka ungo wa maharagwe sakafuni, karibu na kichwa changu.

"Kamata, chagua. Nyeupe huku, nyekundu kule. Ngurumo ikiisha, utaniita."

Nilichagua. Na nilipofika katikati ya ungo nilikuta sisikii tena kitu. Mpaka leo, viatu vya bwana mkubwa vikigonga sakafu ya sima, ile saruji ya depo, kuja upande wangu, ninachagua maharagwe kichwani. Nyeupe huku, nyekundu kule. Makarani wenzangu hudhani ninapiga hesabu.

Unakumbuka nilipokuleta kukaa kwangu? Nilikuwa nimepewa chumba katika kambi ya makarani: sima chini, sima uani, bati juu. Nilijivuna. Nilisafisha sakafu mpaka ikang'aa, nikakununulia kiti chenye mgongo. Ulifika na kikapu na kuku mmoja, ukatembea chumbani, ukatoka uani, ukarudi, kama mtu aliyepoteza kitu na hataki kusema.

"Iko muzuri, mwananje," ulisema. "Iko safi. Lakini hii sima haioti kitu."

Uliniuliza kama tunaweza kutoboa kona moja ndogo ya ua, ya vitunguu tu. Nilisema haiwezekani, mkuu wa kambi hataki sima iguswe. Uliitikia kwa kichwa. Siku chache baadaye nilirudi kazini nikakuta kikapu kimefungwa, kuku yuko ndani yake, nawe umeketi sakafuni, kiti changu kitupu pembeni.

"Umechoka huku, Mama? Sijakupikia vizuri?"

"Umenipikia. Lakini unafikiri kule ninachoka? Kule ndiko ninapumuzika. Huku ninakaa tu."

Nilikusindikiza mpaka kwenye lori. Nilijua umesema jambo, lakini nilikuwa na haraka ya kurudi depo, basi nikaliweka akilini kama mtu anavyoweka karatasi ambayo ataisoma baadaye.

Ulituacha katika kiangazi. Ulikuwa umekula, ukaketi juu ya kinu chako, mgongo kwenye nguzo ya wavu. Mama Yozefina alipita akaona kiko kinafuka na kichwa kimeinama, akakugombeza: "Angalia weye, utachoma kitenge!" Alikugombeza mara ya pili. Ndipo akaja karibu. Ameniambia kwamba mpaka sasa anajilaumu kwamba maneno ya mwisho uliyosikia, kama uliyasikia, yalikuwa ya kugombeza. Nilimwambia ungefurahi. Nadhani ungefurahi.

Baada ya mazishi Mjomba, ndugu yako, alinivuta kando akanikumbusha desturi ambayo wewe ulinifundisha kabla yake. Nyumba ikiwa na matanga, chuma hakigusi udongo wa marehemu. Hakuna kulima wala kupalilia kwa jembe, hakuna panga wala kisu, mpaka mtoto wake achukue jembe la marehemu mwenyewe na kupiga pigo la kwanza, kisha atie mbegu, na matanga yaanuliwe. Watoto wakiwa wengi, yeyote aweza. Akiwa mmoja, ni huyo mmoja. Jembe lako lilitundikwa ukutani, likaangalia mlango.

"Ni weye," Mjomba alisema. "Hakuna mwingine. Usichelewe mvua."

Kulikuwa na sababu ya kutochelewa mvua. Monitera wa pamba alikuwa amekwisha kupita. Hakusema kwa ubaya, ni kazi yake: ile bustani iliachwa na pamba kwa sababu ya mzee, na sasa mzee hayupo. Mvua zikianza akaikuta imelimwa na imepandwa chakula, ataacha. Akiikuta tupu, ataipigia kamba na itaingia kwenye mistari ya pamba pamoja na mashamba mengine. Wavu wa marakuja ungekatwa. Padri angeng'olewa. Na pamba hiyo, ikiisha kuvunwa, ingekuja kwangu huku Kalundu ndani ya marobota, na mimi ningeitia namba. Wazo hilo, Mama, lilikuwa likiniamsha usiku.

Basi nilihitaji ruhusa. Unajua ninavyoomba kitu. Nilisimama kwenye mlango wa bwana mkubwa, kofia mikononi, nikiizungusha, na marobota yamejaa mpaka juu kwa sababu ni wakati wa kupakia meli. Nilieleza kwa Kifaransa kizuri nilichokiandaa. Hakuinua kichwa.

"Mama yako amekwisha kufa. Ulipewa ruhusa ya kuzika. Atakufa mara ngapi?"

Nikajibu, "Ndiyo, bwana." Si jibu la swali lile, lakini ndilo lililotoka. Nikarudi mezani kwangu.

Wiki zikapita, upepo ukageuka. Mchana mmoja Mzee Salumu alikuja bandarini kuchukua ndagala kavu, akasimamisha baiskeli yake mbele ya depo na kuniita nje. Hakutania. Nilijua mara moja.

"Wingu limekaa juu ya mulima," alisema. "Monitera amepita jana na kamba yake begani. Bado hajaifungua."

"Na bustani ikoje, Mzee? Majani yamefika wapi?"

Alitazama ziwa, akakaza kamba ya mzigo wake. "Kuya uone."

"Mzee Salumu, wewe desturi ya kwetu haikufungi. Ungeweza kulima kidogo. Dini yako haikatazi."

Hapo akanitazama. "Hainikatazi. Na mikono minye ninayo. Lakini ile jembe si yangu, mutoto. Nikiipiga, matanga ya mama yako nani ataanua? Itabaki ukutani na kutu yake." Akapanda baiskeli. Alipokwisha kwenda kidogo alisimama akageuka. "Yule muzungu wako, amekukataa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja tu!" alisema, kama mtu aliyeoneshwa mzigo mwepesi. "Minye mama yako amenikataa miaka na miaka."

Akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata nilifika mlangoni kwa bwana mkubwa kabla hajavua kofia. Mama, maishani mwangu nilikuwa sijapata kuomba kitu mara mbili. Shuleni nilipokatazwa mara moja, ilitosha. Nyumbani hukunipa nafasi ya kuomba, ulikuwa umekwisha kunipa. Nilichagua maharagwe. Nyeupe huku. Nyekundu kule. Kisha nikasikia sauti yangu, nyembamba sana:

"Bwana, ninaomba tena."

"Tena?"

"Tena, bwana. Jumamosi na Jumapili. Mvua inakuja."

Alivua kofia, akaiweka mezani. Nilitazama kitufe cha koti lake. Mwisho akasema nitakatwa mshahara wa Jumamosi, na Jumatatu nisipokuwa mezani kabla ya kengele, nisijisumbue kuja tena. Nikashukuru. Nikatoka nje kutafuta lori la kwenda bondeni.

Lori lililokwenda tupu Luvungi, kupitia Runingu, kuchukua pamba lilinibeba. Nilikaa nyuma peke yangu. Njia nzima nilikuwa najiandaa kwa kitakachonipata: magugu kiunoni, wavu umeanguka, vitunguu vimekufa kwa kiu. Nilipanga nisilie mbele ya Mjomba. Nilipanga hata maneno ya kujitetea, kwa Kiswahili na kwa Kirundi.

Niliposhuka nilizunguka nyumba kwa nyuma, nikasimama.

Hapakuwa na gugu. Hata moja, Mama. Udongo ulikuwa mgumu, umekauka juu kama mkate, ni wazi kwamba haukugeuzwa, lakini ulikuwa safi kama ulivyouacha. Vitunguu vimesimama. Wavu umefungwa upya kwenye nguzo yake. Badala ya kufurahi, niliogopa. Nilidhani mtu amevunja desturi, na sasa nimefika bure.

"Nani ameingiza jembe hapa?" niliuliza, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

Mama Yozefina alikuwa ameketi kwake, akainuka taratibu, akaja mpaka mbele yangu. Alinyoosha mikono yote miwili, viganja chini. Kucha zilikuwa nyeusi, mbili zimepasuka.

"Jembe ya wapi? Angalia jembe. Iko kumi."

"Umepalilia kwa vidole?"

"Minye peke yangu ningeweza? Bamama bote ba huku. Kila jioni, kila mutu na mustari wake. Chuma haikugusa, muulize Mujomba wako. Na maji alileta yule Muislamu na madebe yake, anatukana njia nzima."

"Lakini kwa nini, Mama Yozefina? Hamkudaiwa."

"Mama yako alikuwa anazisalimia mboga zake asubuhi. Tukaona, sasa nani atazisalimia?"

Maneno yote niliyoyapanga kwenye lori sikuyatumia.

Watu walikusanyika, wachache, wale unaowajua. Mjomba alitungua jembe ukutani akanipa kwa mikono miwili. Nililishika, na vidole vyangu vikaingia vyenyewe kwenye mabonde uliyoyachimba katika mpini kwa miaka yako. Ni mabonde madogo. Sikujua kwamba mikono yako ilikuwa midogo hivyo. Daima nilidhani ni mikubwa. Nikapiga. Jembe liligonga ule udongo mkavu, likateleza, likaruka pembeni, na mimi nusura nianguke.

"Karani!" Mama Yozefina alipaza sauti. "Ile haiko kalamu!"

Watu wakacheka. Mjomba alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka pia, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka nyumbani kwako tangu uondoke. Nikapiga tena. Mara hii likaingia. Harufu ya udongo ikapanda, ile ile, na nikaendelea kulima mpaka shati langu la ofisini likashika mgongo.

Kisha wakaniletea kibuyu chako cha mbegu. Nilikaa juu ya kinu, nikamimina maharagwe kwenye ungo, na bila kuambiwa na mtu nikaanza: nyeupe huku, nyekundu kule. Mama Yozefina alisimama akinitazama.

"Unachagua nini?"

"Mbegu."

"Kwa nini? Mama yako alizipanda pamoja siku zote. Na zile ulizokuwa unachagua chini ya kitanda, unafikiri zilienda wapi? Ngurumo ikiisha, weye ukilala, alizichanganya tena." Alichota maharagwe yangu yaliyokwisha kutengwa akayarudisha pamoja kwa kiganja, hivi tu. "Ili zikungoje ngurumo ingine."

Mama, hukuniambia. Miaka yote ile nilidhani ninakufanyia kazi.

Niliyapanda yamechanganyika.

Jumapili baada ya misa monitera alifika, kamba begani. Wingu lilikuwa limeshuka nusu ya mlima. Alitembea kando ya mistari mipya, akabonyeza udongo kwa kiatu, akaona umelimwa kweli.

"Imelimwa," alisema. "Lakini hii iliachwa kwa sababu ya muzee. Sasa iko shamba ya nani?"

Alinitazama mimi, kijana mwenye viatu. Nikafungua mdomo. Lakini Mama Yozefina alikwisha kupita mbele yangu.

"Ya muzee," alisema.

"Muzee gani?"

"Minye." Akavua kitambaa cha kichwa, yeye ambaye hata kanisani hakivui, akainamisha kichwa mbele ya monitera kama mtu anayeonesha mali. "Angalia. Iko nyeupe yote. Unataka uzee gani ingine?"

Monitera alitazama nywele zile, akatazama nyumba, akanitazama tena. "Ni kweli, karani? Bustani ni ya huyu mama?"

"Ndiyo, bwana," nilisema. Ni neno lile lile nililomjibu bwana mkubwa mlangoni. Safari hii nilitaka kulisema. "Ni ya mzee. Mimi ni mtoto wake."

Alicheka puani, akahamisha kamba kwenye bega la pili, akapita kwenda kwa jirani. Na Mama Yozefina hakukifunga kitambaa chake haraka. Alitembea nacho mkononi uani, kichwa wazi, kama wewe siku ile uliyocheza hatua mbili.

Mvua ilinikuta nyuma ya lori njiani kurudi Uvira. Ngurumo ilianza milimani, ikaja ikizungukazunguka. Mfukoni nilikuwa na maharagwe machache, nyeupe na nyekundu. Niliyashika tu. Sikuyachagua.

Jumatatu nilikuwa mezani kabla ya kengele. Bado namwogopa bwana mkubwa, nisikudanganye. Bado nazungusha kofia. Lakini kuna hofu moja iliyonitoka, nayo ni ile niliyokuwa nayo nikikutazama ukila ndagala zako jioni: hofu ya kuwa mzee mahali padogo, nikiwa na kidogo. Sasa nikisikia magoti ya Mzee Salumu yakilia anaposhuka kwenye baiskeli, ninaona wivu kidogo. Nataka nifike huko. Nataka siku moja waniambie mimi ni mzee, nami niivishe ndizi. Nitakuwa na kinu kilichopasuka. Nitaacha miguu ndani ya mfereji bila sababu. Na akinijia mtu na posa, nitamkataa vizuri, kila mwezi, ili arudi.

Kila nikipata mshahara nitapanda lori kuja. Mama Yozefina anazunguka kila asubuhi; anasema Padri anamjibu vibaya lakini atazoea. Kinu chako hajakikalia bado. Anaketi chini, kando yake.

Jambo la mwisho, na Mzee Salumu akifika hapa ashushe sauti kidogo, maana mkuu wa kambi ana ndugu huko Runingu. Kwenye kona ya ua wangu, nyuma ya pipa la maji, nimevunja sima. Si kubwa, upana wa sahani tu. Niligonga nyundo nikisimama kila mara kusikiliza kama kuna mtu anakuja, na moyo wangu ulikuwa ukigonga kuliko nyundo. Nilitia udongo niliokuja nao kutoka kwako ndani ya kitambaa, nikapanda vitunguu vitatu na kijiti cha marakuja. Kila asubuhi kabla ya kufunga vifungo vya shati ninatoka bila viatu, ninasimama pale. Majirani wanadhani ninasali.

Leo vitunguu vyote vitatu vimechipua. Imeota, Mama. Ile sima imeota.

Lala katikati ya vitunguu.

Ni mimi, mwanao wa uzeeni.